Namna ya Kumtuliza Maumivu Askari Aliyejeruhiwa: Mwongozo kwa Tabibu Mpya wa Kikosi

Kila kundi jipya la matabibu na wauguzi linapopangiwa vikosi, maswali huwa yale yale: nianze na dawa gani, nimpe kiasi gani, nitajuaje kwamba imetosha, na je, sitamwingiza kwenye uraibu? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, nikaona ni afadhali majibu yakae mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa na majeruhi mbele yake. Mwongozo huu unamfuata askari tangu pale alipoangukia hadi siku ambayo yuko nyumbani na jeraha limefunga lakini bado linauma, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona hutokea pale askari anapotoka mkononi mwa mhudumu mmoja kwenda kwa mwingine, wala si kwa kutozijua dawa.

Vipimo vya dawa nilivyovitaja ni vya mtu mzima, na vinafuata miongozo ya huduma kwa majeruhi wa vitani iliyochapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1996 na ambayo imekuwa ikirekebishwa tangu hapo. Itifaki ya jeshi lako ikisema tofauti, fuata itifaki yako. Usitoe dawa yoyote ambayo hujafunzwa na hujaruhusiwa kuitoa.

Jambo la kuelewa kabla ya kuanza

Askari amefundishwa kuvumilia, na mafunzo hayo hayamtoki kwa sababu amelazwa kwenye machela. Atakwambia "Niko sawa, dokta" huku jasho linamtiririka. Mwaka 1944, katika mapigano ya Italia, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwauliza askari 215 waliojeruhiwa vibaya kama walitaka dawa ya maumivu, na takriban robo tatu yao walisema hawaitaki. Wapo wanaosoma habari hiyo wakahitimisha kwamba askari haumwi. Kinachofundishwa hapo ni kwamba ukubwa wa jeraha haukuonyeshi ukubwa wa maumivu, na kwamba mtu anayekataa dawa saa hii anaweza kuihitaji sana baada ya saa tatu, hofu na mchemko wa vita vikishapungua.

Kwa hiyo usiusome uso wake peke yake, wala usilipokee jibu lake la kwanza kama ndilo la mwisho. Muulize anachoweza kufanya na anachoshindwa kufanya. Nilipokuwa mgeni wodini nilimhudumia askari aliyevunjika paja, ambaye kila nilipomwuliza kipimo cha maumivu kuanzia sifuri hadi kumi alijibu "mbili", nami nikaandika mbili kwa siku nzima mbili mfululizo. Siku ya tatu muuguzi mwenye uzoefu alimwuliza swali moja tu: "Umejigeuza mara ngapi usiku?" Hakuwa amejigeuza hata mara moja, maana alikuwa anaogopa maumivu ya kujigeuza, na tayari ngozi ya makalio ilikuwa imeanza kuchubuka. Kosa hilo lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sijawahi kuandika namba bila kuandika pembeni yake jambo ambalo mgonjwa anaweza au hawezi kulifanya.

Unachohitaji kuwa nacho

Andaa vitu hivi kabla ya kutoka, na ujue kila kimoja kiko mfuko gani hata gizani:

- Parasetamoli ya vidonge 500 mg na meloksikamu 15 mg, zikiwa zimefungwa pamoja, kila askari na pakiti yake.
- Dawa kali uliyoidhinishiwa: pipi ya fentanili ya mikrogramu 800, mofini au ketamini.
- Naloksoni, ambayo ni kizuia makali ya dawa za jamii ya afyuni. Kama huna naloksoni, usibebe fentanili wala mofini.
- Ondansetroni ya kuzuia kichefuchefu.
- Mfuko wa kupulizia hewa pamoja na barakoa yake, na kipima oksijeni cha kidoleni.
- Magango, bendeji pana na blanketi, kwa sababu hivi navyo ni dawa za maumivu.
- Kadi ya majeruhi na kalamu ya wino usiofutika.

Zaidi ya hivyo, jua mapema ni askari gani kikosini ana mzio wa dawa, ana vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, au anatumia dawa za usingizi. Siku ya tukio hutapata nafasi ya kuuliza.

Hatua kwa hatua

1. Zuia damu, fungua njia ya hewa, hakikisha anapumua. Dawa ya maumivu haitangulii mambo haya hata majeruhi akipiga kelele namna gani. Mkanda wa kuzuia damu ukikazwa sawasawa unauma sana, na mara nyingi maumivu yake huzidi yale ya jeraha lenyewe. Askari atakusihi uulegeze, na wenzake watakusihi pia. Usiulegeze kwa sababu ya maumivu. Andika saa uliyoufunga, mweleze kwamba maumivu hayo yanaonyesha mkanda unafanya kazi, kisha mpe dawa kwa kufuata hatua zinazofuata.

2. Tuliza bila dawa. Funga gango kwenye mfupa uliovunjika, maana ncha za mfupa zinazosuguana ndani ya nyama ndizo chanzo kikubwa cha maumivu wakati wa kubebwa. Pima mapigo ya damu na hisia za vidole kabla ya kufunga gango na baada ya kulifunga. Funika sehemu iliyoungua kwa kitambaa kikavu na safi ili upepo usiiguse. Mfunike mwili mzima, kwani majeruhi anayetetemeka kwa baridi huumia zaidi na damu yake hushindwa kuganda vizuri. Mwambie kwa sauti tulivu unachofanya na unachotaka kufanya baadaye. Watabibu wapya huiruka hatua hii wakikimbilia sindano, na ndiyo maana hujikuta wakihitaji dozi kubwa kuliko inavyostahili.

3. Chukua silaha yake kabla ya kumpa dawa inayolevya. Bunduki, bastola, mabomu ya mkono, kisu na redio vikabidhiwe kwa kiongozi wake. Ketamini na dawa za jamii ya afyuni huvuruga fahamu, na mtu aliyechanganyikiwa akiwa na silaha anaweza kumpiga anayemsaidia. Askari wengi huona kunyang'anywa silaha ni kama kuvuliwa heshima, kwa hiyo mtaje kwa cheo chake na umwambie kwamba silaha yake iko salama kwa fulani. Ikiwa hali inamlazimu kuendelea kushika silaha, basi apewe vidonge vya njia ya kwanza tu (tazama hatua ya 5), ambavyo havilevyi.

4. Pima mambo manne kabla ya kuchagua dawa. La kwanza ni fahamu: je, yu macho na anajibu vizuri, anajibu anaposemeshwa, anajibu anapofinywa tu, au hajibu kabisa? La pili ni idadi ya pumzi kwa dakika, ambazo unazihesabu kwa kutazama kifua bila kukisia. La tatu ni mapigo ya mkononi: kama huyapati, au kama amechanganyikiwa bila kuumia kichwani, mchukulie kuwa yuko katika mshtuko wa kupoteza damu. La nne ni maumivu yenyewe, kwa namba na kwa kazi. Katika kipimo kinachotumiwa na jeshi la Marekani, 1 hadi 4 ni rangi ya kijani, 5 na 6 ni njano, na 7 hadi 10 ni nyekundu, na kila namba ina maelezo ya namna maumivu yanavyoingilia shughuli za mtu. Maelezo hayo ndiyo yanayokusaidia: maumivu yanayomfanya mtu ashindwe kufikiria kitu kingine hayawezi kuwa tatu, hata akisema ni tatu.

5. Chagua njia moja kati ya tatu.

   Njia ya kwanza ni ya maumivu madogo au ya wastani, askari akiwa na akili timamu na akiweza kumeza. Mpe parasetamoli 1,000 mg kila baada ya saa 8, pamoja na meloksikamu 15 mg mara moja kwa siku. Usibadilishe meloksikamu kwa aspirini au ibuprofeni eti kwa kuwa ndizo zilizopo: hizo hudhoofisha chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, na majeruhi anayevuja damu anazihitaji chembe hizo. Kwa sababu hiyo hiyo, waonye askari wasijinunulie na kumeza aspirini au ibuprofeni siku za kuelekea kwenye operesheni.

   Njia ya pili ni ya maumivu ya wastani hadi makali, lakini mapigo ni mazuri, pumzi ni nzuri, na huoni dalili kwamba yuko karibu kuingia katika mshtuko. Mwekee pipi ya fentanili kati ya shavu na ufizi, ainyonye bila kuitafuna. Ifunge kijiti chake kwa plasta kwenye kidole chake mwenyewe. Akilemewa na dawa, mkono utalegea na kuanguka, nao utaitoa pipi mdomoni kabla dozi haijazidi. Subiri dakika 15 kabla ya kufikiria kuongeza ya pili. Ukiwa na mofini na mshipa umeshapatikana, toa 5 mg kwenye mshipa na usubiri dakika 10 kabla ya kurudia.

   Njia ya tatu ni ya maumivu makali kwa majeruhi aliye katika mshtuko au anayepumua kwa shida, au unayemhofia kuwa ataingia huko. Hapa dawa ni ketamini, kwa sababu katika kiwango cha kutuliza maumivu haiangushi shinikizo la damu wala haizimi pumzi kama zinavyofanya dawa za afyuni. Kwenye mshipa au ndani ya mfupa ni 20 hadi 30 mg, ikisukumwa polepole kwa takriban dakika nzima. Kwenye msuli au kwa kupulizia puani ni 50 hadi 100 mg. Kwenye mshipa unaweza kurudia kila baada ya dakika 20, na kwenye msuli kila baada ya dakika 20 hadi 30. Acha kuongeza maumivu yanapotulia, au unapoona macho yake yameanza kuchezacheza upande kwa upande. Soma kwa uangalifu maandishi ya chupa, kwani ketamini hutengenezwa kwa ukali tofauti, na chupa ya 50 mg kwa mililita hufanana sana na ile ya 100 mg.

6. Subiri, kisha pima tena. Hapa ndipo vifo vinavyoweza kuepukwa hutokea. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari walichomwa mofini chini ya ngozi wakiwa wamepoteza damu na mwili umepoa. Dawa ilikaa pale pale haikusambaa, maumivu hayakupungua, wakachomwa ya pili na ya tatu, na walipopata joto na damu hospitalini dozi zote zikaingia mwilini kwa pamoja na pumzi zikakoma. Beecher aliandika onyo kuhusu jambo hilo wakati vita vyenyewe vinaendelea. Onyo hilo linahusu msuli pia, kwa hiyo usimchome mofini kwenye msuli majeruhi aliye baridi au mwenye mapigo dhaifu. Baada ya kila dozi hesabu pumzi kila baada ya dakika 5, kisha uangalie tena yale mambo manne ya hatua ya 4.

7. Andika papo hapo. Jina la dawa, kiasi, njia uliyoitumia na saa. Askari wa tiba wa Vita vya Pili vya Dunia waliibandika kwenye ukosi wa majeruhi ile tyubu tupu ya mofini, ili anayefuata aione asirudie dozi. Leo tuna kadi, lakini nimeona kadi zikifika hospitali zikiwa na saa ya mkanda wa damu na bila neno hata moja kuhusu dawa. Wino ukigoma kwenye kadi iliyolowa, andika kwenye ngozi ya kifua au kwenye plasta.

8. Kabidhi kwa mdomo pia. Mwambie anayempokea mambo matatu: nimempa nini na saa ngapi, maumivu yalikuwaje kabla na baada, na dozi inayofuata inaruhusiwa saa ngapi. Safari ya helikopta au ya gari kwenye barabara mbovu huamsha maumivu upya. Kama dozi imekaribia kwisha nguvu, itoe kabla machela haijanyanyuliwa na uhakikishe imeanza kufanya kazi. Majeruhi akishaanza kupiga kelele ndani ya chombo kinachotikisika, utapata shida hata kuupata mshipa.

9. Wodini, changanya dawa zinazofanya kazi kwa njia tofauti. Lengo la wodini ni askari aweze kupumua kwa kina, kukohoa, kujigeuza, kulala na kuanza mazoezi. Parasetamoli itolewe kwa saa maalumu, si mpaka aombe, maana huyu ni mtu ambaye hataomba. Hakikisha jumla yake haizidi gramu 4 kwa saa 24, ukijumlisha na dawa za mafua zenye parasetamoli ndani yake. Dawa za afyuni ziwe nyongeza ya maumivu yanayobaki. Kila anayezipata apewe pia dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mwili huzoea athari nyingine za dawa hizi lakini hauzoei ile ya kufunga choo.

   Pale penye daktari wa ganzi, uliza mapema kuhusu ganzi ya neva. Mwaka 2003, nchini Iraq, daktari wa jeshi la Marekani Chester Buckenmaier alimwekea askari aliyejeruhiwa mguu mirija myembamba karibu na neva, ganzi ikawa inatiririka kidogo kidogo wakati wa upasuaji na katika safari ya kumrudisha nyumbani. Askari wa namna hiyo husafiri akiwa macho, anaongea na anahitaji dawa kidogo sana za afyuni.

   Hata hivyo kuna hatari moja ambayo ganzi na dawa kali zinaweza kuificha, nayo ni shinikizo ndani ya misuli. Mguu uliovunjika, uliobanwa na kifusi au uliofunguliwa mkanda wa damu unaweza kuvimba ndani ya utando wake mpaka damu isipite. Dalili yake ya mapema ni maumivu yanayozidi jeraha lenyewe, yanayopanda licha ya dawa, na yanayomfanya askari apige kelele unapovinyoosha vidole vyake taratibu. Usisubiri mapigo ya mguuni yapotee, kwani yakipotea misuli huwa imeshaanza kufa. Legeza bendeji, ondoa gango linalobana, usiuinue mguu juu ya kiwango cha moyo, na umwite daktari wa upasuaji dakika hiyo hiyo. Dawa ya hali hii ni kisu, na kumwongezea mofini ni kumpotezea mguu.

10. Kwa aliyekatwa kiungo, anza kuzungumza kabla maumivu hayajaanza. Mweleze kwamba huenda akauhisi mguu ambao haupo, ukiwasha, umekunjwa au unaungua, na kwamba jambo hilo ni la kawaida na halimaanishi kuwa akili imeruka. Wengi hulificha kwa kuogopa kuitwa wendawazimu. Hali hii ilijulikana hata kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na daktari Silas Weir Mitchell, aliyeiona kwa majeruhi wa vita hivyo, aliipa jina mwaka 1871.

    Tofautisha maumivu ya kigutu, ambayo huweza kutokana na kidonda, usaha au mguu wa bandia usiokaa vizuri, na maumivu ya kiungo kisichokuwepo, ambayo hutoka kwenye neva na ubongo. Haya ya pili hayasikii sana parasetamoli. Daktari anaweza kumwandikia dawa za neva kama gabapentini au amitriptilini, zikianzwa kwa dozi ndogo. Pia jaribu kioo: askari aketi, kioo kirefu kisimame kati ya miguu, mguu mzima uonekane kwenye kioo kana kwamba ndio ule uliokatwa, kisha auchezeshe mguu mzima huku akitazama kiooni na akijaribu kuuchezesha na ule usiokuwepo. Katika jaribio dogo lililofanyika katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed na kuchapishwa mwaka 2007, dakika 15 kila siku kwa wiki 4 zilipunguza maumivu kwa wote waliokitumia kioo. Kioo hakina gharama kubwa, na ninashangaa kwamba wodi nyingi hazina hata kimoja. Siku za mwanzo baadhi yao hulia wanapouona mguu umerudi. Kaa naye.

11. Panga namna ya kuzishusha dawa za afyuni siku ile ile unapozianzisha. Askari aliyezitumia siku chache kwa jeraha jipya kwa kawaida huziacha bila taabu. Aliyezitumia wiki kadhaa apunguziwe takriban asilimia 10 ya dozi ya mwanzo kila wiki, na aliyezitumia mwaka mmoja au zaidi apunguziwe takriban asilimia 10 kwa mwezi. Ukizikata ghafla ataingia katika hali ambayo watumiaji wa dawa za kulevya huiita arosto: kutetemeka, kuharisha, mwili kuuma na kukosa usingizi, naye atadhani jeraha limerudi. Usizichanganye na dawa za usingizi za jamii ya diazepamu, kwani zikikutana huzima pumzi usiku.

    Hofu ya uraibu ni ya kweli, lakini isitumiwe kumnyima dawa mtu aliyevunjika mfupa leo. Utafiti wa mwaka 2010 kuhusu wanajeshi 696 wa Marekani waliojeruhiwa nchini Iraq ulionyesha kwamba waliopata mofini mapema baada ya kuumia walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata ugonjwa wa kiwewe baadaye. Utafiti huo hauthibitishi kwamba mofini ndiyo iliyowakinga, ila unatosha kuiondoa ile kauli ya "mwache avumilie, yeye ni askari".

12. Kabla hajaruhusiwa, uliza maswali manne na uyarudie kila anapokuja kliniki. Maumivu yamekuzuia kufanya nini? Yamekuharibia usingizi kiasi gani? Yameathirije moyo wako, hasira na furaha yako? Yamekuongezea msongo kiasi gani? Maumivu ya muda mrefu, ugonjwa wa kiwewe na athari za jeraha la ubongo mara nyingi husafiri pamoja. Katika utafiti wa mwaka 2009 uliowahusu maveterani 340 wa vita vya Iraq na Afghanistan waliopelekwa kwenye kituo cha majeraha makubwa, asilimia 42.1 walikuwa na yote matatu kwa wakati mmoja. Ukitibu mgongo na kuiacha jinamizi inayomwamsha saa nane za usiku, mgongo hautapona.

    Mwite mke, mume, mzazi au ndugu atakayekaa naye. Mfundishe kutambua usingizi mzito usio wa kawaida, mahali pa kuhifadhi dawa kwa kufuli, na dalili za kukata tamaa. Yeye ndiye atakayekwambia ukweli ambao askari atauficha.

Mambo yakienda kombo

*Pumzi zimeshuka chini ya 10 kwa dakika na ni vigumu kumwamsha.* Mwite kwa sauti na umtikise bega, fungua njia ya hewa, mpulizie hewa kwa mfuko, kisha toa naloksoni 0.4 mg kwenye mshipa au kwenye msuli. Ukiona pipi ya fentanili bado iko mdomoni, itoe kwanza. Naloksoni huisha nguvu mapema kuliko baadhi ya dawa za afyuni, kwa hiyo usimwache peke yake hata akiamka na kukulaumu kwamba maumivu yamerudi.

*Anaona vitu vya kutisha au anapigana na watu baada ya ketamini.* Punguza kelele na mwanga, mtu mmoja tu aongee naye, mkumbushe alipo na kwamba yuko na wenzake. Mara nyingi hupita yenyewe. Isipopita, daktari anaweza kutoa kidogo midazolamu, dawa ya kutuliza ya jamii ya diazepamu, pumzi zikiangaliwa muda wote. Sindano inayofuata itolewe polepole zaidi.

*Anatapika.* Mlaze kwa ubavu kama mgongo hauna jeraha, na umpe ondansetroni 4 mg, ambayo inaweza kurudiwa baada ya saa 8. Usimpe vidonge vya kumeza mpaka kichefuchefu kiishe.

*Dozi imetolewa kama inavyotakiwa na maumivu hayashuki.* Usiongeze mara moja. Kagua kwanza: gango limelegea au linabana? Kibofu kimejaa? Kuna jeraha la pili ambalo hukuliona? Kuna usaha? Kuna dalili za shinikizo ndani ya misuli? Dawa iliingia kweli kwenye mshipa, au mkono umevimba pale ulipochoma?

*Maumivu ni ya kuunguza, ya kuchoma kama umeme, na hata shuka ikimgusa anaruka.* Hayo ni maumivu ya neva. Kuongeza mofini kutamlevya zaidi kuliko kumtuliza, kwa hiyo mpeleke kwa daktari afikiriwe dawa za neva.

*Anaomba dawa kabla ya wakati na wenzako wanasema amekuwa mraibu.* Sikiliza kwanza ni saa ngapi baada ya dozi maumivu yanarudi. Ikiwa yanarudi saa ile ile kila siku, huenda dozi ni ndogo au imepangwa kwa nafasi ndefu mno. Ikiwa anapoteza vidonge, anapata dawa kwa madaktari wawili, au anazitumia kupata usingizi na kusahau, basi anahitaji msaada wa aina nyingine, na msaada huo auanze bila kukatiwa matibabu ya maumivu na bila kusemwa mbele ya wenzake.

*Anakataa dawa kabisa.* Uliza sababu ukiwa naye faragha. Wapo wanaoogopa kuonekana dhaifu, wapo wanaoogopa kuondolewa kazini, na wapo waliompoteza rafiki kwa sababu ya dawa hizo hizo. Mweleze kuhusu njia ya kwanza, ganzi ya neva na mazoezi, ambavyo havilevyi. Akiendelea kukataa, heshimu uamuzi wake, andika kwamba amekataa, na urudi kumwuliza tena baada ya saa moja, kisha kabla ya kumhamisha, kisha kabla ya kumbadilishia bendeji.